Gauji inapokataa: soma mfereji kabla ya kuupiga grainda

Mshono mbovu kwenye boriti, nguzo au chesisi ya trela ya miwa hautolewi kwa grainda, labda uwe wa sentimita chache. Ukizidi hapo huchimbwa kwa joto, kazi ambayo mafundi wa weldi huiita gauji. Njia zake ni nne: kijiti cha kaboni kinachosaidiwa na hewa ya kompresa, plazma, gesi ya oksijeni na asetilini, na elektrodi maalumu za kuchimbia, ambazo hutumia mashine ya kawaida bila hewa. Kila njia ina makosa yake, na kila kosa huacha alama mferejini: weusi, slagi (mabaki ya chuma kilichoyeyuka) iliyoganda kingoni, mawimbi, madoa ya shaba. Ukikimbilia grainda unafuta ushahidi, kisha mita inayofuata unaichimba kwa kosa lile lile.

Kaboni itachukua nafasi kubwa hapa. Ndiyo inayotumika zaidi kwenye vyuma vizito, na ndiyo inayosingiziwa zaidi.

Kwanza stima na hewa

Lawama nyingi zinazoelekezwa kwa kijiti, au kwa mkono wa fundi, ni za stima na hewa. Kijiti cha mm 4 kinataka ampia 90 hadi 150. Cha mm 4.8, yaani inchi 3/16, kinataka 200 hadi 250; cha mm 6.4 kinataka 300 hadi 400. Cha mm 8 kinataka 350 hadi 450. Na cha mm 9.5 kinataka 450 hadi 600. Arki ya kaboni, yaani moto wa umeme kati ya kijiti na chuma, haikai kwenye volti 22 au 25 kama ya elektrodi ya kuweldia ya 7018. Hukaa kati ya volti 35 na 55, na mashine inatakiwa iwe na angalau volti 60 kabla arki haijawaka.

Piga hesabu. Ampia 300 mara volti 40 ni kilowati 12 kwenye kijiti. Mashine yenye ufanisi wa asilimia 85 itavuta kilowati 14 na ushee. Kwenye fezi moja ya volti 240 hizo ni karibu ampia 60, mzigo ambao waya na breka za vibanda vingi vya jua kali haziubebi. Kwenye fezi tatu za volti 415, mzigo huo huo ni kama ampia 20 kwa kila fezi. Kwa hivyo mwenye fezi moja abaki na kijiti cha mm 4 na ampia 130 hivi, akubali kupita mara nyingi. Kununua kijiti kikubwa ili kazi iende haraka juu ya stima ndogo ni kujitafutia arki inayokohoa mchana kutwa.

Angalia pia kibandiko cha mashine. Inveta iliyoandikwa ampia 300 kwa asilimia 40 maana yake ni kwamba kwa kiwango hicho itafanya kazi dakika 4 katika kila 10, kisha ipumzike. Gauji haina mapumziko marefu ya kubadilisha elektrodi na kugonga slagi kama weldi, kwa hivyo inveta itajizima hata kama wakati wa kuweldi haijawahi kukusumbua.

Hewa nayo. Tochi ya kaboni ya kazi ya kawaida hula takriban lita 800 kwa dakika kwa presha ya bar 5.5, na presha ya kazi ni bar 5.5 hadi 7 (psi 80 hadi 100). Kompresa ya pistoni ya hospawa 3, ile ya kupaka rangi magari, hutoa labda lita 280. Tangi la lita 300 likishuka kutoka bar 8 hadi 5.5 linatoa kama lita 750 za hewa. Ukijumlisha na kile kompresa inachoongeza, unapata dakika moja na nusu hivi ya kuchimba, kisha hewa inakufa huku arki bado inawaka. Hapo ndipo mifereji mingi huharibika: mwanzo safi, mwisho umejaa slagi. Kompresa inayoendana na tochi hiyo ni ya hospawa 7.5 hadi 10 kwenda juu.

Kwa walio Nakuru kuna jambo moja zaidi. Mji uko kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ina presha ya asilimia 80 hivi ya ile ya Mombasa. Kompresa inavuta ujazo ule ule lakini hewa iliyomo ni haba, kwa hivyo takwimu za kwenye kibandiko zipunguze kwa moja ya tano. Kisumu, kwenye mita 1,130 hivi, punguza kama asilimia 12. Jenereta ya dizeli isiyo na tabo nayo hupoteza nguvu kwa sababu hiyo hiyo. Ukiikodi ya kuendeshea mashine ya ampia 400, usichukue iliyotosha kwa hesabu ya Pwani.

Presha ipimwe kwenye tochi, hewa ikiwa inatoka. Geji ya tangi inaweza kusoma bar 7 huku kwenye tochi kuna 4, hasa kama mpira wa hewa ni mwembamba wa mm 6 wenye urefu wa mita 15. Weka mpira wa mm 10.

Mfereji una weusi

Weusi ni kaboni, na ndiyo dalili ya kuogopa kuliko zote kwa sababu ukiweldi juu yake kaboni hiyo inaingia kwenye chuma, na chuma chenye kaboni nyingi kikipoa haraka huwa kigumu na chenye kupasuka. Swali la kwanza ni weusi uko wapi.

Ukiwa mwanzoni tu mwa mfereji, hewa ilichelewa. Fungua vali ya hewa kwanza, usikie inavuma, ndipo uguse chuma. Kosa hili halina sababu nyingine ya maana.

Weusi ukitokea kwa madoa madoa katikati, kijiti kiligusa chuma. Arki ya kaboni inahitaji nafasi kidogo kati ya ncha na chuma ili hewa ipite na kubeba uji wa chuma. Anayezoea kuburuta elektrodi ya 6013 atasukuma kijiti mpaka kikwame. Kwenye mtambo unaojiendesha, madoa yanayojirudia kwa umbali fulani yanaonyesha kasi imezidi na kijiti kinalifikia bamba kabla halijayeyuka, punguza mwendo.

Kuna wakati mfereji una utando mweusi mwembamba kila mahali bila madoa. Mara nyingi huo ni moshi na oksidi, unatoka kwa brashi ya waya. Doa la kaboni halitoki kwa brashi. Linabaki kama kipele kinachong'aa kijivu, na faili haishiki vizuri juu yake. Hapo saga mpaka chuma kiwe cheupe, kisha ongeza nusu milimita hadi milimita moja. Mfereji uliochimbwa vizuri, hewa ikiwa ya kutosha, hauongezi kaboni ya kutisha kwenye chuma cha kawaida cha ujenzi, kwa hivyo wanaokataa kaboni kwa sababu ya hofu hiyo peke yake wanakataa kifaa kwa makosa ya mtumiaji.

Madoa mekundu ya shaba yakionekana, ganda la shaba la kijiti limeyeyuka na kudondoka. Shaba ikibaki chini ya weldi hupenya kati ya chembe za chuma na kufungua nyufa ndogo. Isage yote. Kisha tafuta kwa nini: ampia zimepita kipimo cha kijiti, au kijiti kimetokeza mno nje ya tochi. Kisizidi mm 175 kutoka kwenye taya za tochi, na kikibaki mm 50 kisogeze au kibadilishe, la sivyo utaunguza taya zenyewe.

Slagi imeng'ang'ania kingoni

Hii ni hewa, karibu kila mara. Uji wa chuma ulisukumwa pembeni badala ya kurushwa nje. Pima presha kwenye tochi kama tulivyosema, kisha tazama upande wa matundu: yanapaswa kuwa chini ya kijiti, kati yake na mfereji uliokwisha kuchimbwa, ili hewa ipige nyuma ya arki na kusukuma uji mbele. Tochi ikigeuzwa, hewa inapuliza hewani tu. Fundi anayetumia mkono wa kushoto, au anayechimba kona, huikosea hii mara nyingi.

Matundu huziba kwa cheche. Yatoboe kwa waya mwembamba, usitumie kekee ikayapanua. Maji kwenye hewa nayo yanapunguza nguvu na kufanya arki itetemeke. Kisumu, kwa unyevu wa ziwani, tangi lisilofunguliwa valvu ya chini kila asubuhi hujaa maji kwa siku chache tu.

Kama hewa iko sawa na bado slagi inaganda, angalia mwelekeo wa kazi. Kwenye bamba lililosimama chimba kutoka juu kwenda chini ili uzito wa chuma usaidie. Ukichimba kwenda juu uji unarudi mferejini.

Arki inatangatanga, kijiti kinakuwa chekundu

Kijiti kikipata moto mwekundu hadi karibu na tochi, na arki ikirukaruka kulia na kushoto, geuza nyaya. Kwa chuma cha kawaida, kijiti cha kaboni cha DC kinawekwa upande wa chanya. Mtu aliyetoka kuweka elektrodi ya shina (mshono wa kwanza) upande wa hasi husahau kurudisha. Transfoma ya AC ya kizamani haifai kwa kijiti hiki hata kidogo. Kuna vijiti vilivyotengenezwa kwa AC, ni vya aina nyingine.

Arki ikiwa dhaifu, inayokulazimisha kwenda polepole hata kwa mfereji mwembamba, ampia ni chache kwa unene huo wa kijiti. Ongeza, au shuka kijiti kimoja. Kama mashine inasema ampia 300 na arki bado dhaifu, shika kibanio cha arthi kwa mgongo wa mkono baada ya dakika moja ya kazi na mashine ikiwa imezimwa. Kikiwa cha moto, kimeshika rangi au kutu. Kwenye trela, usiishike arthi kwenye ekseli ukachimba chesisi. Mkondo utapita kwenye springi na beringi na kuziharibu. Arthi ikae kwenye bamba lile lile, chuma kitupu, karibu na kazi.

Arki inayokatika na kurudi kwa mtu anayechimba kwa mkono mara nyingi ni mkono unaosuguana na bamba: glavu inakwama, inaachia, inakwama. Egemeza kiwiko, sio kiganja.

Mfereji unaingia na kutoka

Kina kinachobadilika kinatokana na pembe na mwendo. Ukisimamisha kijiti unachimba chini. Ukikilaza unachimba juu juu. Ncha ielekee unakokwenda, tochi ibaki nyuma, na pembe isibadilike unapochoka. Mfereji huwa na upana unaozidi kijiti kwa kama mm 3, kwa hivyo kijiti cha mm 6.4 kinakupa mm 9 hadi 10. Ukitaka kina kikubwa, pita mara mbili au tatu, usijaribu kukimaliza kwa mpito mmoja. Mfereji wa kina kuliko upana wake unaleta balaa baadaye: mshono wa kwanza unaoingia hapo unapoa kutoka pande zote mbili na kupasuka katikati kwa urefu. Chini iwe duara yenye nusu-kipenyo cha kama mm 6, kuta zifunguke juu ili elektrodi ifike na mwanga uingie.

Ukichimba upande wa nyuma wa mshono unaopenya bamba zima, simama unapofika kwenye chuma cha mshono wa kwanza kisicho na mstari mweusi. Mstari ule ni mahali ambapo mabamba mawili hayajaungana. Ukiuacha kwa sababu mfereji tayari una kina cha kutosha, umefanya kazi ya bure.

Plazma: safi, lakini si bila makosa

Plazma haina kaboni, ina kelele kidogo kuliko kijiti, na moshi wake ni haba. Kwa karakana iliyofungwa au kwa chuma kisichoshika kutu ndiyo tungeichagua. Malalamiko yake ya kawaida ni matatu.

La kwanza, mfereji mwembamba, wa kina, mara umetoboa bamba. Umetumia pua ya kukatia. Pua ya gauji ina tundu pana zaidi linalolegeza mshale wa moto. Ishike tochi kwenye pembe ya digrii 40 hadi 45, washa karibu na chuma, kisha irudishe nyuma mpaka arki iwe na urefu wa mm 20 hadi 25. Ukibana arki kama unakata, utakata.

La pili, pua na elektrodi zinakwisha haraka. Tazama kitone cha hafniamu kwenye ncha ya elektrodi. Shimo lake likizidi kina cha mm 1.6 hivi, badilisha pamoja na pua. Zikiendelea kuisha ndani ya saa chache, lawama ni ya hewa yenye maji au mafuta. Kichujio kidogo cha kioo kilichopachikwa kwenye mashine hakitoshi kwa hewa ya Kisumu wakati wa masika. Weka kikaushio kabla yake.

La tatu ndilo linalowachanganya watu, kwa sababu halionekani mpaka baadaye: mfereji unang'aa, unapendeza, unajaza kwa 7018 iliyokaushwa vizuri, na weldi inajaa vitundu. Plazma ya hewa huchoma nitrojeni ndani ya ngozi ya chuma, na nitrojeni hiyo inatoka kama mapovu weldi inapoganda. Saga angalau nusu milimita kabla ya kujaza. Wanaotumia mchanganyiko wa agoni na hidrojeni hawapati tatizo hilo, lakini gesi hiyo ni ghali.

Gesi: inachimba vizuri pale inaporuhusiwa

Oksijeni na asetilini haihitaji stima, kwa hivyo bado ina kazi yake mashambani, kwenye trela iliyokatika katikati ya barabara ya Chemelil. Lakini inafanya kazi kwa kuunguza chuma chenyewe, kwa hivyo chuma kisichoshika kutu, alumini na chuma cha kasti havichimbiki hivyo. Na kwa vyuma vya ujenzi kuna mpaka: kanuni ya Marekani ya kuweldi miundo ya chuma, AWS D1.1, inaruhusu gauji ya oksijeni kwa vyuma vilivyotoka moja kwa moja kwenye kinu cha kubingirisha tu. Chuma kilichopozwa ghafla kwa maji na kupashwa tena ili kiwe na nguvu kinapoteza nguvu hiyo kwa joto pana la mwali. Mabamba ya bodi za tipa na ya mikono ya kreni mara nyingi ni ya aina hiyo. Kama cheti cha chuma hakipo, usipige gesi.

Chuma kikikataa kushika, hakijafika joto: kinapaswa kuwa chekundu cha kung'aa, kama digrii 900, kabla hujabonyeza oksijeni. Rangi, kutu nene na zinki vinazuia; ondoa mm 50 kila upande. Anza na pua kwenye digrii 20 hadi 40, na mfereji ukishaanza kutembea ilaze hadi digrii 5 au 10. Usipoilaza inachimba shimo, na ukirudi nyuma unapata mfereji mpana, usio na kina, wenye kingo zilizovimba.

Mlio wa mpasuko kwenye tochi maana yake pua imeziba, imepata moto mno, au presha ni ndogo. Funga oksijeni kwanza kisha asetilini, ipoze, isafishe. Mlio ukiwa wa mluzi unaoendelea ndani ya mpini, moto umerudi ndani. Funga mara moja, na usiwashe tena mpaka vali za kuzuia moto kurudi zikaguliwe. Asetilini isizidi bar 1 kwenye mpira. Pua ya gauji inakula gesi nyingi, na mtungi mmoja usivutwe zaidi ya sehemu moja ya kumi ya gesi iliyomo kwa saa, la sivyo asetoni inatoka nayo: mwali unageuka zambarau na joto linashuka. Unganisha mitungi miwili.

Bamba likijikunja, usilishangae. Gesi inaingiza joto jingi kuliko njia nyingine yoyote kati ya hizi, na boriti nyembamba haitarudi ilivyokuwa.

Elektrodi za kuchimbia

Zina ganda nene linalotoa msukumo wa gesi. Hazihitaji hewa wala tochi maalumu, zinafaa kwa kuondoa ufa mfupi, mshono wa kushikizia au mshono mdogo juu ya mnara ambako hutapandisha kompresa. Kwa DC, nyingi zinataka upande wa hasi, kinyume cha kaboni, soma pakiti. Zikiacha uji badala ya kusukuma, umesimamisha mno elektrodi: ilaze digrii 5 hadi 15 juu ya bamba na uisukume mbele haraka. Slagi nyingi inabaki kila mpito, ipige kwa nyundo na brashi kabla ya kurudia. Kwa mita kadhaa za mshono ni upotezaji wa pesa.

Ufa umerudi baada ya kujaza

Hapa gauji hulaumiwa, na mara nyingi kosa ni la hatua iliyosahaulika kabla yake. Chuma kinachotakiwa kupashwa kabla ya weldi kinatakiwa kupashwa pia kabla ya kuchimbwa. Kwa mfano, kwa D1.1, chuma cha kawaida cha ujenzi cha daraja la A36 chenye unene wa zaidi ya mm 38 hadi 65, kikijazwa kwa elektrodi za hidrojeni kidogo, kinatakiwa kiwe angalau digrii 65. Asubuhi ya Nakuru bamba linaweza kuwa na digrii 10. Arki ikipita juu ya bamba nene la baridi, ngozi ya mfereji inakuwa ngumu ndani ya sekunde na inaweza kupasuka hapo hapo. Tumia chaki ya joto, sio mate.

Kama ulikuwa unafukuza ufa, hakikisha uliufukuza wote. Anza nje ya ncha zake kuelekea katikati, kwa sababu joto likianza katikati linausukuma ufa mbele. D1.1 inataka utoe ufa pamoja na mm 50 za chuma kizima kupita kila ncha. Kisha saga, pangusa, na pima kwa rangi ya kupenyeza au kwa unga wa sumaku. Jicho halitoshi: uji wa chuma huweza kufunika ufa mwembamba ukapotea kabisa.

Halafu kagua elektrodi za kujazia. 7018 iliyolala wiki nzima kwenye pakiti iliyofunguliwa kando ya ziwa imevuta maji, na hidrojeni yake inaweza kupasua weldi saa nyingi baada ya kazi kwisha. Ikaushe kwa kiwango cha mtengenezaji na uitunze kwenye tanuri dogo.

Moshi, kelele na makapi ya miwa

Kaboni hupita desibeli 100 bila shida. Pamba masikioni haitoshi. Vaa vifuniko vya masikio, na msaidizi wako pia. Kioo kiwe namba 12 kwa ampia chini ya 500, na 14 juu ya hapo. Kwenye chuma kilichopakwa zinki, ondoa zinki kwanza, la sivyo jioni utakuwa na homa ya moshi. Ndani ya tangi au mashua ya chuma, usitumie kaboni bila feni ya kuvuta hewa, na usiache tochi ya gesi ndani wakati wa chakula.

Cheche za kaboni zinasukumwa na hewa, kwa hivyo zinaruka mbali kuliko za weldi. Mbali na makapi, mafuta na nyasi kavu, mita 11 ndiyo nafasi ya chini. Kwenye viwanda vya sukari vya ukanda wa Muhoroni na Mumias, vumbi la makapi hukaa juu ya boriti, ndani ya mikondo ya nyaya na chini ya sakafu za vyuma. Lipulizie maji kabla ya kuanza, ziba mianya kwa mablanketi ya kuzuia moto, na mtu mmoja mwenye mpira wa maji abaki hapo saa nzima baada ya arki ya mwisho, akitazama pia ghorofa ya chini.